Kilo Sitini za Kiti cha Nyuma

Mguu wangu wa kulia haujui kutulia. Tangu utotoni, nikiketi tu goti linaanza kupanda na kushuka lenyewe, na mama alikuwa akinichapa paja kwa mwiko wa wali akisema natikisa umaskini uingie nyumbani. Umaskini uliingia, ukaketi, ukala na sisi miaka yote ya vita, na mimi sikuacha. Nilipoajiriwa kiwanda cha ndege cha Hanawa, Bwana Kogure, mkuu wa kitengo cha uzito na hesabu, hakunikemea hata siku moja. Alinihamishia meza ya dirishani, kisha akaweka kipande cha zulia chini ya kiatu changu ili sakafu ya mbao isiwatetemeshee wachoraji kalamu zao. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mambo yake yote, kwa vitendo bila maneno, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu sote pale ofisini.

Nasimulia habari za Februari mwaka 1958, wakati upepo mkavu wa mlima Akagi, kaskazini mwa Tokyo, unapokupasua midomo na kukujaza mchanga kwenye meno. Kwa miaka saba baada ya kushindwa vita tulikatazwa kutengeneza hata bawa moja. Wachoraji wa ndege waligeuka mafundi wa sufuria, wa cherehani, wa pikipiki ndogo. Bwana Usami, Mhandisi Mkuu wetu, alichora mabodi ya mabasi, na watu wa mji walisema mabasi yake yana pua nyembamba mno, kwamba dereva akikanyaga mafuta vizuri yatapaa. Ruhusa iliporudi, jeshi jipya la anga likataka ndege ya mafunzo, ya jeti, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, ya kuwafundishia vijana. Hanawa tukapewa nafasi ya kujaribu. Tulichora, tukakwangua, tukachora tena, na mimi peke yangu nilizungusha mkono wa mashine ya hesabu mpaka bega langu moja likawa nene kuliko jingine.

Sasa ilibaki jaribio moja. Ndege ya mafunzo lazima iangushwe kwa makusudi. Rubani anaipandisha juu sana, anaiachia ianguke huku inajizungusha, kisha anairudisha mkononi, kwa sababu mwanafunzi yeyote siku moja atafanya kosa hilo na ndege lazima imsamehe. Kapteni Mogami, rubani wetu wa majaribio, alikwisha kufanya hivyo mara nne na mfuko wa mchanga kwenye kiti cha nyuma. Ndege ilirudi, ingawa kwa kusitasita. Alhamisi ingefanyika kwa mara ya kwanza na mtu nyuma, mbele ya wageni kutoka Tokyo, na wakiridhika tungeanza kuzitengeneza kwa makumi.

Mtu huyo wa nyuma alikuwa Luteni Iwakiri, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyetumwa na jeshi. Jumanne mchana aliingia kantini akitoka kupimishwa mavazi yake ya kurukia, kila kitu mwilini, mabuti, kofia ngumu kwapani, parachuti mgongoni, akaketi mbele ya sahani ya wali wa mchuzi wa bizari. Akaimaliza. Akaomba nyingine. Akaimaliza hiyo pia.

"Wee Luteni," alisema Mama Otsuru, mpishi wetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita treni, "hilo ni tumbo au ghala la serikali?"

"Ongeza tu, mama. Kambini tunalishwa mkate na maziwa. Nashiba saa moja, saa ya pili nimesahau."

"Ukiingia kwenye ile ndege itapasuka kitako."

"Basi nitafia kwenye kazi ya taifa. Weka na figili hapo pembeni."

Wanaume wakaanza kubishana kama anauzidi mfuko wa mchele. Wakamsukuma mpaka mlango wa jikoni, kwenye mizani ya kupimia magunia, wakampandisha na mzigo wake wote. Mama Otsuru akasogeza jiwe la mizani, akalirudisha, akafinya jicho.

"Tisini na saba!"

Kantini nzima ilipasuka kwa kicheko. Nilicheka na mimi, mkono mdomoni. Kisha nikahisi kitu cha ajabu chini ya meza. Mguu wangu ulikuwa umesimama.

Miezi minane nilikuwa nikizungusha ile mashine, na kila nilipofika kwenye kiti cha nyuma niliandika sitini. Mtu mmoja, pamoja na parachuti, kilo sitini. Ilikuwa imeandikwa hivyo kwenye karatasi mama ya uzito, kwa wino, kwa mwandiko mzuri, na hata mfuko wa mchanga ulishonwa kwa kipimo hicho. Sikuuliza hata mara moja. Niliacha sahani yangu pale pale, nikakimbia ofisini na viatu vya nje miguuni, bila kuvivua mlangoni, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya tangu jengo lile lijengwe.

Hesabu ilinichukua saa moja na nusu. Kilo thelathini na saba za ziada, nyuma kabisa, zilikivuta kitovu cha uzito wa ndege sentimita mbili na nusu kuelekea mkiani. Tulikuwa tumejiachia nafasi ya sentimita moja na nusu. Ilizidi kwa sentimita moja, upana wa ukucha wa kidole changu gumba. Ndege yenye mkia mzito hivyo ikianza kujizungusha hulala bapa kama sahani, usukani wa mkia unakosa upepo wa kushika, na rubani anaweza kukanyaga kanyagio mpaka livunjike. Itazunguka hivyo hivyo mpaka chini. Nilirudia hesabu mara tatu nikijiombea niwe mjinga.

Bwana Kogure alikuwa anakunywa chai. Nilimwekea karatasi mbele, akaisoma yote bila kugusa kikombe tena.

"Umepiga hesabu vizuri," alisema.

"Bwana Kogure, mimi nataka kusikia nimekosea."

"Lete karatasi mama."

Niliitoa kwenye droo ndefu, nikaitandaza. Huenda hujui ofisi zetu. Kila karatasi ina visanduku saba pembeni, kuanzia mkubwa wa kitengo hadi mkubwa wa kiwanda, na kila mmoja anapiga muhuri wake mwekundu wa jina. Mihuri saba ikitimia karatasi ni sahihi, hata kama imekosea. Sisi wanawake wa mashine hatuna kisanduku. Bwana Kogure aliweka kidole kwenye muhuri wake mwenyewe, wa Agosti. Jina lake lilikuwa kichwa chini, miguu juu.

Nilikuwa nimeuona muhuri ule mara mia. Sote tuliuona. Wachoraji walifanya utani wiki nzima kwamba mzee kanunua miwani mipya na imemgeuzia dunia.

"Nilidhani ulikosea kugonga," nilisema.

"Miaka thelathini na moja nagonga muhuri. Nitakosea vipi? Mtu asiyekubali, lakini hataki kuzuia karatasi ya wakubwa, anaugeuza. Wazee wote wanajua. Nilisema, Agosti ile ile."

"Ulisema kwa nani?"

"Kwa mwenye macho."

Hapo hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio. "Kwa mwenye macho! Bwana Kogure, keshokutwa watu wawili watapanda juu na hawatashuka, na wewe umegeuza muhuri?"

Kalamu zilisimama, hata jiko la makaa lilionekana kupunguza sauti. Hakuna mwanamke aliyewahi kumpandishia sauti mkuu wa kitengo pale. Bwana Kogure alisimama taratibu, akanionyesha mlango kwa kidevu, nikamfuata kwenye ujia.

"Ule mwandiko wa sitini unaujua ni wa nani?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Wa Mhandisi Mkuu."

"Mwaka wa arobaini na nne alikuwa anachora ndege ya mafunzo ya jeshi la zamani. Akaambiwa apate uzito wa mwanafunzi mmoja. Akaenda uwanjani, akapima vijana kumi na maparachuti yao. Mmoja wao alikuwa mdogo wake, Tadayuki. Sitini kamili. Wastani wa wote ukatoka sitini vile vile, basi akafurahi, akaandika." Alivuta pumzi. "Mwaka uliofuata vijana wale wale walipandishwa kwenye zile ndege za mafunzo na mabomu chini yake, wakatumwa kujibamiza kwenye meli za adui. Hakurudi hata mmoja. Tulipoanza ndege hii, alikuja na ile namba, akaiandika mwenyewe, hakumpa mchoraji. Sasa niambie wewe, Bi Numajiri. Nani wa kumwendea yule bwana amwambie kwamba vijana siku hizi wanakula?"

Na mimi nilikuwa na kaka, Yoshinari. Siku anaondoka kwenda kujifunza urubani, mama alimpima kwenye mizani ya mpunga ya jirani ili ajue atamrudia na kilo ngapi. Hamsini na moja. Alikuwa na miaka kumi na minane na magoti makubwa kuliko mapaja. Hakurudi, kwa hiyo namba ile na mimi naijua harufu yake.

"Mimi," nilisema. "Mimi nitakwenda."

Jumatano asubuhi nilipiga mlango wa Bwana Usami. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, penseli zake zote zimechongwa na kupangwa kwa urefu, birika linachemka juu ya jiko. Alinipa kiti. Nilimwekea hesabu yangu na nikasema yote kwa pumzi moja, kilo, sentimita, sahani, Alhamisi. Goti langu lilikuwa linapiga chini ya meza yake, nikalikandamiza kwa mikono yote miwili.

Aliisoma mpaka mwisho. Kisha akaigeuza uso chini.

"Sitini nilipima mwenyewe," alisema.

"Najua, Bwana Mkuu. Lakini Luteni Iwakiri ni tisini na saba."

"Kwenye mizani ya mchele."

"Mizani ni mizani, bwana."

Alitabasamu kidogo, akanimiminia chai, na nilijua nimeshindwa, kwa sababu kwetu mtu akikumiminia chai katikati ya maneno ameshayafunga. "Karatasi ina mihuri saba, Bi Numajiri. Ndege imejaribiwa mara nne. Wageni wanafika kesho kwa treni ya asubuhi. Nakushukuru sana kwa bidii yako. Baada ya kesho tutaiangalia hesabu hii kwa makini."

"Baada ya kesho tutakuwa na muda mwingi," nilisema, na nikatoka bila kunywa ile chai. Ujiani nililia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa ghadhabu, ile inayokufanya utamani kupiga teke ndoo ya mchanga wa zimamoto. Niliipiga. Iliniumiza kidole.

Nikiwa nachechemea nilikwenda bandani kwa Kapteni Mogami. Alikuwa ameketi kwenye kreti chini ya bawa, anavuta sigara mbele ya kibao cha kukataza sigara. Alikuwa rubani wa jeshi la majini wakati wa vita, mwalimu wa wanafunzi. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa anautazama mkia wa ndege.

"Ndiyo maana ndege inasitasita," alisema. "Mzunguko wa tatu huwa kama inafikiria kwanza kama irudi au isirudi."

"Basi usiruke, Kapteni."

"Nani kakataza?"

"Mimi."

"Una muhuri?"

"Sina hata kisanduku."

Alicheka, lakini macho hayakuwemo. "Dada yangu, mimi nilifundisha vijana mia mbili na kumi na wanne. Niliwakabidhi wote. Nilipewa karatasi, nikasoma majina, wakapanda. Sijawahi kukataa kuruka wala kurusha mtu. Nikikataa leo kwa ajili ya shingo yangu, wale wataniuliza kwa nini sikukataa wakati ule."

"Na Iwakiri? Yeye hajaulizwa na mtu."

Luteni mwenyewe alikuwa anatokea nyuma ya ndege, tufaha mdomoni. Bila shaka alisikia.

"Usijali, dada," aliniambia. "Mimi mzito, lakini nina bahati nzito vile vile."

Nilimtazama, mashavu yamejaa tufaha, na nikatamani kumzaba kibao.

Alhamisi kulipambazuka na upepo. Saa mbili tulipanga mistari uani kwa mazoezi ya viungo ya redio kama kila siku, mikono juu, mikono chini, na mimi niliyafanya yote nje ya mdundo. Uwanjani walikuwa wamefunga pazia la mistari myekundu na myeupe kuzunguka viti vya wageni, na upepo ulikuwa unaling'ang'ania ulitoe. Saa tatu na nusu magari meusi yakaingia. Wazee saba wenye makoti marefu wakashuka wameshika kofia zao. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya wali mwekundu wa maharage madogo, ule wa sherehe. Walikuwa wameshapika furaha kabla haijapatikana.

Nilisimama dirishani nikasikia injini ya jeti inawashwa. Sauti ile huanza kama mluzi na kuishia tumboni. Mguu wangu ulikuwa umesimama tena kama wa mtu mwingine, na hapo nikajua sitaweza kuketi na kungoja. Nikashuka ngazi mbili mbili mpaka jikoni.

"Mama Otsuru, niazime mizani."

"Ya mchele? Leo? Huoni nina wali motoni?"

"Yule mtoto anayekula sahani tatu," nilisema. "Kiti chake kimepimwa kwa mtoto aliyekuwa hapati chakula. Wakiruka hawarudi."

Aliniangalia usoni, akatazama sufuria yake, akapangusa mikono kwenye aproni. "Shika upande ule. Ni nzito hiyo."

Tuliipandisha kwenye mkokoteni wa magunia. Gurudumu moja lilikuwa bovu, linalia kama bata, na upepo ulitupiga ubavuni tukawa tunakwenda mshazari kama kaa. Wanawake wawili, mmoja na aproni, mmoja na kandambili za ofisini, tunasukuma mizani ya jikoni katikati ya uwanja wa ndege. Mlinzi alinyoosha mikono kutuzuia.

"Mnakwenda wapi na hiyo?"

"Kupima mchele!" Mama Otsuru alimfokea. "Toka!"

Nusu ya njia gurudumu bovu likazama kwenye changarawe na mkokoteni ukalala upande. Nilivuta, nikavuta, machozi na vumbi vimenichanganyikia usoni. Ghafla mkokoteni ukainuka. Nikageuka. Bwana Kogure, na suti yake ya sherehe, alikuwa amepitisha bega chini ya mbao. Alisukuma tu, tai imemrukia mgongoni, mpaka tukafika chini ya bawa.

Iwakiri alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi. Mogami alikuwa tayari ndani, mbele.

"Luteni!" nilipiga kelele juu ya injini. "Panda hapa!"

"Sasa hivi, dada?"

"Sasa hivi!"

Nafikiri alipanda kwa sababu Mama Otsuru alimshika mkono, na mtu hakatai mkono unaompakulia. Wageni walianza kutabasamu. Walidhani ni sehemu ya sherehe, mila fulani ya huku kwetu mashambani. Mama Otsuru alisogeza jiwe la mizani, akavuta pumzi, na akaita namba kama anauza samaki sokoni.

"Tisini na nane! Kilo moja ya juu ni yangu!"

"Sasa mfuko," nilisema.

Mfuko wa mchanga wa majaribio ulikuwa pale chini ya ngazi, umetolewa kwenye kiti asubuhi ile kumpisha mtu. Bwana Kogure aliuburuta mwenyewe, akamteremsha Iwakiri, akauweka juu ya mizani.

"Sitini!" Mama Otsuru aliita, na sauti yake ilipungua.

Ilikuwa mara ya kwanza vitu vile viwili kusimama pamoja. Kijana alikuwa mpana wa kujaza mlango, na pembeni yake kimfuko kile cha turubai kimekaa kwa aibu. Mtu hakuhitaji kujua hesabu. Hata wale wazee wenye makoti waliacha kutabasamu.

Bwana Usami alikuja akitembea kutoka kwenye pazia. Hakukimbia. Nilidhani atanifukuza kazi hapo hapo, na nilikuwa nimeshaandaa maneno makali, lakini hakunitazama. Alisimama mbele ya mizani. Akaweka kiganja juu ya ule mfuko, pale ambapo bega lingekuwa, akauacha mkono pale. Koti lake lilikuwa linapigwa na upepo. Kisha akageuka kwa Kapteni Mogami na akapitisha kidole kooni mwake mara moja.

Injini ikazimwa. Ukabaki upepo mtupu.

Bwana Usami aliwaendea wageni, akasimama mikono imebana mapaja, akainama mpaka mgongo ukawa sawa na meza. Alikaa hivyo muda mrefu sana. "Ndege haitaruka leo," alisema akiwa bado ameinama. "Kosa ni langu. Nililifanya mwaka wa arobaini na nne na nimelibeba mpaka leo bila kulipima."

Mogami alishuka. Alipofika chini aliketi kwenye changarawe palepale, kofia mapajani.

"Nimeshuka," alisema, hakuna aliyemuuliza. Akatazama mikono yake. "Kumbe mtu anaweza kushuka." Akaanza kulia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya Tokyo yote, na Iwakiri akachuchumaa kando yake bila kujua aweke wapi mikono yake mikubwa.

Wageni waliondoka na treni ya mchana, nyuso zimekunjwa, kila mmoja na kisanduku chake cha wali mwekundu kwapani maana Mama Otsuru alikataa utupwe. Kiwanda kilijaa minong'ono. Wengine walisema tumeshapoteza kazi yote, wengine walisema Numajiri ana wazimu wa mguu uliopanda kichwani. Ukweli ni kwamba tuliongeza pezi dogo chini ya mkia, tukasogeza betri mbele, na jaribio likafanyika Septemba. Lakini mchana ule hakuna aliyejua hayo, wala mimi. Nilikuwa nimeanza kukusanya vitu vyangu, kikombe, mto wa kiti, na kile kipande cha zulia, nilipoitwa.

"Njoo na karatasi mama," aliagiza Mhandisi Mkuu. "Na wembe."

Wino kwenye karatasi ya kuchorea haufutiki kwa raba. Unakwanguliwa kwa ncha ya wembe, polepole, unyoya kwa unyoya, la sivyo unatoboa. Nilitandaza karatasi kwenye meza yake. Alisogeza taa karibu ingawa dirisha lilikuwa na jua. Nilimpa wembe.

Aliushika, akauinamia mwandiko wake, ncha ikagusa ile namba. Mkono wake haukwenda. Tulikaa hivyo mpaka birika likaanza kuchemka, na hakuna aliyeliondoa.

"Siwezi," alisema, akanirudishia wembe. "Fanya wewe. Taratibu."

Nikakwangua. Sita ilianza kupotea kuanzia tumboni. Unga mweusi wa wino ulijikusanya, nikaupuliza kando.

"Bwana Kogure aliniambia ulikuwa na kaka," alisema.

"Ndiyo, bwana. Yoshinari."

"Kilo ngapi?"

"Hamsini na moja. Bila parachuti."

Alifikiri. Nilimwona anajumlisha, hawezi kujizuia, ni kazi yake. "Hamsini na tisa na parachuti," alisema. "Basi tulimzidishia moja."

Hapo ndipo nililia kwa huzuni, kwa mara ya kwanza wiki ile, na niligeuza uso pembeni ili machozi yasilowanishe karatasi. Alingoja. Nilipomaliza, pale palipokuwa na sitini palibaki doa jeupe lenye manyoya, nikalilainisha kwa ukucha kama tunavyofunzwa, ili wino mpya usisambae. Nikachovya kalamu.

"Niandike tisini na nane, bwana?"

"Andika mia."

"Luteni ni tisini na nane. Na yeye ndiye mkubwa kuliko wote kambini."

"Andika mia," alisema Bwana Usami. "Waachie nafasi ya kushiba."

Niliandika mia. Chini ya meza mguu wangu ukaanza kutikisika tena, penseli zake zote zikawa zinacheza mezani, na hakuniambia niache.